Namna ya Kupiga Filamu ya Reli ya Bububu: Njia Iliyofutika na Treni Zinazotembea

Anayetaka kupiga filamu ya reli ya shamba hapa Unguja anakabiliwa na jambo ambalo mwenzake wa Korogwe au Tabora halimsumbui: reli yenyewe haipo tena. Treni ya Bububu, kijiji cha kaskazini mwa mji, iliacha kuchukua abiria mwaka 1922, na chuma chake kilikwisha kung'olewa kabla wengi wa wazee wetu wa leo hawajazaliwa. Kwa sababu hiyo kazi ina sehemu mbili zinazopaswa kutenganishwa tangu siku ya kwanza. Historia itapigwa hapa kisiwani, juu ya ardhi ile ile iliyopitiwa na njia, na uendeshaji wa treni utapigwa Bara, ambako matawi ya reli bado yana magurudumu juu yake. Sharti ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba mtazamaji ajue kila wakati anatazama kipi kati ya viwili hivyo.

Kabla ya kushika kamera, iandike historia kwa mfuatano wa miaka katika karatasi moja, maana Unguja imewahi kuwa na reli mbili na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ilijengwa mwaka 1879 kwa amri ya Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, kutoka mjini kuelekea kasri lake la Chukwani, upande wa kusini. Mwanzoni mabehewa yake yalivutwa na nyumbu, na mwaka 1881 kikaletwa kichwa kidogo cha mvuke kilichotengenezwa na kiwanda cha Bagnall cha Uingereza. Sayyid alipofariki mwaka 1888, reli hiyo haikuendelea. Ya pili, ambayo ndiyo tunayoizungumzia, ilikwenda kaskazini. Kampuni ya Arnold, Cheney ya New York iliijenga mwaka 1904 na 1905, njia moja ya upana wa futi 3 na urefu wa maili 7 hivi, na Serikali ikaichukua mwaka 1911. Barabara zilipotengenezwa na magari yakaongezeka, huduma ya abiria ikasimamishwa, na treni ikabakia kubeba mawe ya ujenzi wa bandari mpaka ilipofungwa kabisa mwishoni mwa miaka ya 1920.

Isome tena sentensi hiyo ya mwisho, kwa sababu ndani yake mna umbo la filamu nzima. Reli iliyowatoa watu shamba ikawaleta mjini ilishindwa na barabara inayofuata upande ule ule, na barabara hiyo leo inapitiwa na daladala za njia namba 502 kuanzia alfajiri. Ukilishika jambo hilo, hutahangaika kutafuta pa kuanzia wala pa kuishia: anza ilikoanzia reli, uishie Bububu.

Nyaraka na picha za zamani

Nenda kwanza kwenye jengo la Nyaraka za Taifa, Kilimani, ukiwa na barua inayoeleza shabaha ya filamu na namna picha zitakavyotumika. Omba ramani za mji na za njia ya kaskazini, ripoti za mwaka za serikali kuanzia 1911, na picha. Usipige nyaraka kwa taa ya kumulika. Iweke karatasi karibu na dirisha, kamera ikae juu yake ikiwa sambamba kabisa, na uhakikishe kingo zote nne zinaonekana, kwa kuwa picha iliyokatwa pembeni hupoteza mara nyingi kile kilichokuwa muhimu: baraza ya nyumba, nguzo, au jina la duka linaloonesha mtaa gani ulipigwa.

Wapigapicha wa mjini wa zama hizo, kama vile A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, waliuza kadi za posta kwa wasafiri, na kadi za namna hiyo bado zinapatikana kwa wakusanyaji na katika masanduku ya familia. Kila kadi ipige pande mbili. Upande wa nyuma una stempu na muhuri wa posta, lakini tarehe ya muhuri ni siku kadi ilipotumwa. Picha yenyewe huenda ilipigwa miaka kadhaa kabla yake, basi usiandike kwenye kioo kwamba hii ni treni ya mwaka fulani kwa sababu tu muhuri unasema hivyo.

Kuifuata njia kwa miguu

Itembee njia yote kwa miguu mara moja bila ya kamera, na mara ya pili ukiwa nayo. Anzia Ngome Kongwe, iliyotumika kama karakana wakati wa ujenzi wa reli, kisha upite Malindi, ambako treni ilipita katikati ya nyumba. Hapo iteremshe kamera mpaka usawa wa baraza, kwa sababu aliyekuwa akiiona treni ikipita alikuwa ameketi barazani, na ni kwa kimo hicho tu ndipo mtazamaji atakapohisi wembamba wa mtaa na ukubwa wa chombo kilichopita humo.

Ukitoka mjini utafika Maruhubi, penye magofu ya kasri lililojengwa mwaka 1882 kwa ajili ya Sayyid Barghash na kuungua mwaka 1899. Hii ina maana kwamba abiria wa kwanza wa Bububu, mwaka 1905, walilikuta tayari ni gofu kama tunavyoliona sisi, na ni nadra kwa mpigafilamu kupata mahali ambapo jicho lake na jicho la msafiri wa zamani yanaangukia kitu kimoja. Kaa hapo, wala usiharakishe. Beit el Ras nayo ina habari yake, kwani baadhi ya mawe ya kasri lililoachwa pale yalichukuliwa kujengea reli. Lipige jiwe moja kwa karibu sana, mpaka chokaa na vipande vya matumbawe vionekane, na jua likilipitia kwa ubavu.

Kuhusu jua, pwani hii inatazama magharibi. Asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili, mwanga unatoka upande wa shamba na kuziangaza nyuso za watu wanaoelekea mjini. Alasiri, baada ya saa kumi, unatoka baharini na kuyatoa magofu vizuri. Mchana wa saa sita uache upite, utumie kusikiliza ulichorekodi.

Picha ya mwendo ninayoipendekeza haihitaji gharama. Panda daladala ya 502 asubuhi mapema, mweleze dereva na utingo unachokifanya, ulipie viti viwili, ukae upande wa bahari na kamera ikiegemea dirisha. Ukirekodi safari nzima bila ya kukata, utakuwa na uti wa mgongo wa filamu, na kila hadithi inaweza kuwekwa juu yake mahali ilipotokea. Hata hivyo, fahamu kwamba Kibweni pana kambi ya KMKM, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, na Ikulu. Hapo ifunike kamera mpaka upite.

Vibali vishughulikie mapema. Filamu inahitaji idhini ya Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni Zanzibar, Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi, na droni haipandi bila ya ruhusa yake mahsusi. Juu ya hayo yote, kila shehia utakayoingia, anza kwa sheha. Karatasi yenye mihuri mitatu haimpi mgeni haki ya kuweka kamera mbele ya mlango wa mtu ambaye hakupigiwa hodi.

Wazee na maneno waliyorithi

Hatunaye tena mtu aliyelipa nauli ya treni ile akiwa mtu mzima. Tulichonacho ni watoto na wajukuu wao, na ushahidi wao ni wa kupokea. Una thamani kubwa ukiulizwa kwa namna inayostahiki. Baada ya salamu na mazungumzo ya kutosha, swali langu la kwanza ni hili: "Bibi, habari hii ulihadithiwa na nani, nanyi mlikuwa mmekaa wapi?" Swali hilo linamtoa mzee kwenye yale ambayo kila mtu anayasema na kumrudisha kwenye sauti ya mzazi wake. Bibi mmoja, nilipomuuliza hivyo, alinyamaza kidogo, kisha akaunyoosha mkono kutoka barazani kwake na kukiacha kiganja hewani, kuonesha mabehewa yalipokuwa yakipita kwa maneno ya baba yake. Mkono ule uliokuwa ukitetemeka kidogo ulitosha. Sikuhitaji kumuuliza umbali kwa futi.

Mazungumzo hayo hayo niliyaharibu kwa kosa ninalotaka ujiepushe nalo. Nilimweka bibi karibu na dirisha kwa ajili ya mwanga, na dirisha lilielekea barabarani. Niliporudi nyumbani nikasikia honi na mlio wa breki vikimfunika kila alipofika kwenye jambo zito. Tangu hapo hufunga macho dakika nzima chumbani kabla ya kuwasha kamera, nikisikiliza jokofu, feni, jogoo na barabara, na maikrofoni ndogo naibana kwenye ukingo wa mtandio kwa idhini ya mwenyewe au ya binti yake. Adhana ikianza, simamisha kazi.

Uendeshaji, ng'ambo ya bahari

Njia ya tawi inayofaa kwa kazi hii ni ile ya Kaliua kwenda Mpanda, yenye kilomita 210 hivi na iliyofunguliwa mwaka 1950. Omba ruhusa ya maandishi kwa Shirika la Reli Tanzania na ujitambulishe kwa mkuu wa kila stesheni. Tumia siku ya kwanza kutazama tu. Katika njia moja treni mbili haziwezi kukutana popote ila stesheni penye njia ya kupishana, kwa hiyo moyo wa uendeshaji uko katika ruhusa ya kuingia kipande cha njia kinachofuata. Fuata ruhusa hiyo kwa kamera: mkuu wa stesheni akiwasiliana na mwenzake, akiandika, akimkabidhi dereva, bendera ya kijani ikiinuliwa, filimbi, kisha ule mvutano mfupi mabehewa yanapokazana moja baada ya jingine. Ukiupata mfululizo huo, mtazamaji atafahamu reli inavyofanya kazi bila ya maelezo marefu.

Sauti irekodi peke yake, mbali na picha. Simama nje ya tuta, mahali uliporuhusiwa, na uusubiri mlio wa magurudumu juu ya maungio ya vyuma unaotangulia kwa mbali, unaokua, kisha unaokwisha polepole. Usikae kati ya reli hata kwa picha ya sekunde tano, wala usimtegemee dereva kusimama, maana treni yenye mzigo huhitaji masafa marefu mpaka itulie. Kiberenge cha mafundi kikipita, omba kuwapiga wakikagua mataruma yanayoshikilia vyuma na kokoto. Kazi yao ndiyo inayoiweka njia hai.

Utakaporudi kuhariri, tamaa itakujia ya kuuweka mlio huo wa Kaliua chini ya picha ya zamani ya Malindi. Njia ya Bara ina upana wa mita 1 na kichwa chake ni cha dizeli, ilhali ya Bububu ilikuwa ya futi 3 na ya mvuke. Ni vyombo viwili tofauti. Ukiutumia mlio huo, andika chini ya picha mahali na mwaka uliporekodiwa. Picha ya kadi ya zamani iache ikae kimya, au uwekee sauti ya mtaa ule ule wa Malindi ya leo.

Mwisho, tengeneza nakala kamili za mahojiano, zisizokatwa, kila moja ikiwa na jina la kijiji, tarehe na jina la mzee ikiwa ameridhia. Moja ipeleke Kilimani. Nyingine mpelekee mzee mwenyewe, ukae naye mpaka aitazame.