Somo: Torki ya mota ya induksheni inavyofuata slipu

Wakuu, mota ikivuma bila kuzunguka, wengi husema imeungua. Kabla hujaifungua, elewa slipu (kiasi ambacho rota, sehemu inayozunguka, inabaki nyuma ya sumaku inayoizungusha) na torki (nguvu ya kuzungusha). Nachukua mota ya fezi tatu ya mashine ya kusaga, poli 4 (ncha nne za sumaku), umeme wa hezi 50.

Hatua ya 1: Tafuta slipu. Nguvu ya sumaku ya stata (sehemu ya mota iliyosimama) huzunguka 120 × 50 ÷ 4, yaani mara 1500 kwa dakika. Kibati cha mota kinasema 1440. Tofauti ni 60. Gawanya kwa 1500, unapata slipu ya 0.04. Rota ingefikia 1500 kamili, umeme usingezalishwa ndani yake na torki ingekuwa sifuri. Slipu ndiyo inayozaa torki.

Hatua ya 2: Ongeza mzigo. Mahindi yakizidi, spidi inapungua kidogo, slipu inakua, torki inapanda nayo karibu sawia.

Hatua ya 3: Fika kileleni. Hapa tulia, ndipo mota nyingi zinapofia. Kwenye slipu 0.04, umeme wa rota una hezi 2 tu. Rota ikisimama una hezi 50. Masafa (hezi) yakipanda, riaktansi ya rota (upinzani wa koili kwa umeme unaogeukageuka) inapanda. Ikilingana na ukinzani wa rota, torki imefika kileleni, mara nyingi mara 2 hadi 3 ya torki ya kawaida. Ukivuka hapo, ampia zinazidi lakini torki inashuka, na mashine inakwama ghafla. Ovalodi (swichi ya kukata umeme mota ikizidiwa) isipokata, waindingi (koili za waya ndani ya mota) zinaungua.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, jioni mashine inakwama kwa mzigo ule ule wa asubuhi. Kwa nini?

Jibu: Pima volti mashine ikiwa inasaga. Torki inafuata volti kwa kipeo cha pili: 400 ikishuka hadi 320, umebaki na 0.8 × 0.8, yaani asilimia 64 ya torki. Kilele kinabaki kwenye slipu ile ile, ila kimo chake kimeshuka.

Swali: Nimefunga sta-delta (kiwashio kinachoanza na muunganisho wa sta, kisha kuhamia delta), ikiwa na mahindi ndani haiondoki.

Jibu: Kwenye sta torki ya kuanzia ni theluthi tu ya ile ya delta. Washa ikiwa tupu, mimina ikishaingia delta na spidi imetulia.

Swali: Mota ya slipuringi (yenye pete za kuunganisha rota na ukinzani wa nje), ukiongeza ukinzani wa nje kilele kinapanda?

Jibu: Hapana, kinahamia tu kwenye slipu kubwa. Ukipanga vizuri kinaangukia pale pa kuanzia, kwa hiyo inanyanyua mzigo mzito. Spidi ikipanda, punguza ukinzani hatua kwa hatua.