Sindano za Kichina: jinsi ya kujilinda kabla, wakati na baada ya tiba

Akupancha, yaani tiba hii ya sindano za Kichina, ikifanywa na mtu aliyefunzwa, madhara yake mengi ni madogo: tone la damu sindano inapotolewa, kuvilia damu, maumivu kidogo, usingizi, kizunguzungu. Makubwa ni nadra, lakini mengi yana chanzo ambacho mgonjwa mwenyewe anaweza kukiona na kukikataa. Basi somo hili ni la mgonjwa.

Hatua ya 1: Kabla ya kwenda. Kula kitu saa moja au mbili kabla, na unywe maji. Kwa joto la Dar, mtu hushuka kwenye daladala jasho linamtiririka na tumbo tupu. Sindano ya kwanza tu, presha inashuka, anazimia. Ukiwa umefunga, omba miadi ya baada ya futari. Kama una homa, ahirisha na ukapime malaria.

Mweleze tabibu kila kitu: ujauzito, kisukari, kifafa, betri ya moyo (kifaa cha kusaidia mapigo), dawa za kuyeyusha damu kama warfarin. Usiziache dawa hizo kwa uamuzi wako. Muulize pia usajili wake katika Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Aliyesajiliwa haoni shida kuonyesha cheti.

Hatua ya 2: Pakiti. Sindano hizi hazina tundu, na unene wake mara nyingi ni kati ya milimita 0.16 na 0.30. Huja zimefungwa, zimetakaswa, za kutumika mara moja. Angalia tarehe ya mwisho, angalia kama pakiti imepasuka au imelowa, na ifunguliwe mbele yako. Zinazobaki kwenye pakiti iliyofunguliwa hutupwa, hawekewi mgonjwa anayefuata. Ukiambiwa "hizi tumezichemsha" au "tumezifuta kwa spiriti", shuka kitandani. Homa ya ini B imewahi kusambaa kwa sindano zilizorudiwa. Zilizotumika ziingie kwenye kisanduku kigumu cha sindano chafu, si kwenye ndoo ya taka.

Hatua ya 3: Kuchomwa. Mara ya kwanza, lala. Usikubali kukaa kitini. Kuhisi uzito, ganzi au mvuto ni kawaida. Mshtuko kama wa umeme unaoshuka mguuni au mkononi si wa kawaida: sindano imegusa mshipa wa fahamu, sema hapo hapo. Usijigeuze, maana msuli ukikaza sindano hupinda au hukwama. Iliyokwama haivutwi kwa nguvu. Husubiriwa msuli ulegee.

Hatua ya 4: Kifua, mgongo wa juu na bega. Hapa tusimame kidogo, maana ndipo palipo na hatari kubwa. Ncha ya pafu hupanda hadi juu ya mtulinga. Pale juu ya bega, mkanda wa mkoba unapokaa, kwa mtu mwembamba pafu linaweza kuwa sentimita moja au mbili tu chini ya ngozi. Sindano ya milimita 40 ikizamishwa wima hapo inaweza kulitoboa, hewa ikavuja na pafu likasinyaa. Tabibu mjuzi huchoma juu juu, kwa kulaza sindano, au huuinua kwanza msuli kwa vidole.

Dalili ni maumivu makali unapovuta pumzi, kikohozi kikavu na pumzi kukatika. Zinaweza kuja saa kadhaa baadaye, ukiwa umesharudi nyumbani. Usimeze dawa ya maumivu ukalala. Nenda Amana, Mwananyamala, Temeke au Muhimbili, kitengo cha dharura, useme wazi kwamba umechomwa sindano kifuani au mgongoni, ili upigwe eksirei. Usipande ndege, hata ya kwenda Unguja.

Hatua ya 5: Kutoka. Hesabu sindano zikiingia, hesabu zikitoka. Husahaulika kwenye nywele na nyuma ya sikio. Kisha kaa dakika chache kabla ya kusimama, na usikimbilie kuendesha bodaboda ukiwa na usingizi.

MASWALI YA WANACHAMA

Tabata: Siku ya tatu sasa nina alama ya buluu kwenye paja. Niogope?
Jibu: Hapana, dada. Ni damu iliyovilia, itafifia ndani ya wiki moja au mbili. Ila pakiwa pa moto, pamevimba, panatoa usaha, au ukipata homa, nenda hospitali.

Mbagala: Mke wangu ana mimba ya miezi mitano na mgongo unamuuma. Inafaa?
Jibu: Inawezekana, kwa tabibu mwenye uzoefu na wajawazito, na kliniki anakopimia mimba ijue. Tumbo lisichomwe. Kwa tahadhari huepukwa pia pale kati ya dole gumba na cha shahada, na upande wa ndani wa mguu juu ya kifundo. Sindano zisiunganishwe na mashine ya umeme.

Kinondoni: Shikamooni. Baba ana betri ya moyo, wanataka kumuunganishia sindano na mashine ya umeme.
Jibu: Marahaba. Akatae mashine, kwani umeme unaweza kuvuruga betri. Sindano za kawaida, aulize kwanza daktari wake wa moyo.

Ilala: Naweza kufanya hijama (kuumikwa kwa vikombe) siku hiyo hiyo?
Jibu: Ni bora kutenganisha siku, hasa kama hijama ni ya kuchanja, maana utapoteza damu na kuzidisha kizunguzungu. Na mtu asikuwekee kikombe juu ya sindano iliyochomwa mgongoni: kikombe kinaweza kuisukuma ndani zaidi, kuelekea pafu.