Somo: Kuizoea lenzi mpya ya zumu kabla ya kuingia porini

Somo hili ni la mwenye lenzi mpya ya zumu ndefu, iwe 100–400 mm au 150–600 mm, na safari ya Tarangire, Manyara au Ngorongoro imekaribia. Yote yaliyomo unaweza kuyafanya hapahapa Arusha, nyumbani na barabarani. Chui akianza kushuka mtini una sekunde chache tu, na hizo si za kutafuta menyu.

Hatua ya 1: Swichi za ubavuni

Kabla ya kugusa kamera, isome lenzi. Swichi ya AF/MF (fokasi ya otomatiki au ya mkono) iwe kwenye AF, na uikague kila unapoitoa lenzi kwenye begi, maana husogea ikisuguana na kitambaa.

Swichi ya mpaka wa fokasi inaiambia lenzi isihangaike na vitu vya karibu. Ukiiweka kuanzia mita 10 hadi mwisho (namba hutofautiana, soma iliyoandikwa kwenye yako), mnyama wa mbali anashikwa upesi zaidi. Lakini nyani akija kukaa karibu na dirisha, lenzi itakataa kabisa kufokasi na utadhani imekufa. Irudishe FULL.

Stabilaiza (kituliza mtikisiko wa mkono) ikiwa na modi 1 na 2, tumia 1 kwa kawaida. Modi 2 ni ya kumfuata mnyama anayekimbia kwenda upande mmoja. Kufuli ya zumu nayo huzuia lenzi isijirefushe ikining'inia shingoni.

Hatua ya 2: Shata kwanza

Wengi hufundishwa kuanza na apacha, yaani tundu la lenzi linalopitisha mwanga (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Kwa lenzi hii anza na shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, kwa sehemu ya sekunde. Ukivuta hadi mwisho, apacha yako kubwa kabisa mara nyingi ni f/5.6 au f/6.3, na hiyo tayari ni ndogo, kwa hiyo iache hapo. Chagua modi ya M (unapanga mwenyewe), apacha kubwa, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) otomatiki yenye kikomo cha 6400. Kitakachobaki mkononi mwako ni kitu kimoja tu: shata.

Kwa mkono usio na tegemeo, shata isiwe ya polepole kuliko 1 ikigawanywa kwa urefu wa lenzi (400 mm ni 1/400). Kwenye kamera ya sensa ndogo ya APS-C zidisha kwanza kwa 1.5 (Canon ni 1.6): 400 mm inakuwa kama 600, hivyo anzia 1/640. Stabilaiza inakuruhusu kushuka chini ya hapo, ila inatuliza mkono wako tu, haimtulizi mnyama. Simba aliyelala, 1/250 inatosha. Twiga anayetembea, 1/800. Swala anayekimbia au ndege anayeruka, 1/2000 kwenda juu.

Picha yenye chenga kidogo za ISO inasafishika kwenye kompyuta. Iliyotikisika haina dawa.

Kamera ikiwa na C1 na C2 kwenye gurudumu la modi (Nikon nyingi ni U1 na U2), hifadhi mipangilio miwili: mmoja wa waliotulia, mmoja wa wanaokimbia. Utahama kwa kuzungusha gurudumu moja, bila kuondoa jicho.

Hatua ya 3: Fokasi

Weka fokasi endelevu: AI Servo au Servo kwa Canon, AF-C kwa Nikon na Sony. Kamera ikiwa na uwezo wa kutambua jicho la mnyama, uwashe. Kama haina, tumia nukta moja na uiweke kwenye jicho. Ukiiachia kamera ichague yenyewe, mara nyingi itafokasi majani yaliyo mbele ya mnyama, na ndiyo maana picha nyingi za vichakani zina nyasi kali na simba mwenye ukungu.

Hatua ya 4: Jaribio la gazeti

Bandika ukurasa wa gazeti ukutani, asubuhi, kwenye kivuli chenye mwanga. Simama mita 6 hivi. Laza lenzi juu ya mfuko wa maharage (kilo mbili ndani ya mfuko wa kitambaa, usijaze hadi ukakaza), ivute hadi mwisho, weka kipima muda cha sekunde 2 na upige picha kumi. Kabla ya kila picha ivuruge fokasi kwa mkono, kisha iache kamera itafute upya.

Halafu zikuze kwenye skrini. Herufi zikisomeka vizuri kwenye zote, lenzi ni nzima na ukungu wowote utakaouona baadaye unatoka kwingine. Zikiwa na ukungu wa aina moja zote, na kamera yako ni ya kioo (DSLR, yenye kioo cha kuakisi ndani), tafuta kwenye menyu marekebisho madogo ya autofokasi. Maharage yaende nawe safari: yatakaa kwenye ukingo wa paa la gari. Mwombe dereva azime injini, kwa sababu mtetemo wake unafika hadi kwenye lenzi.

Hatua ya 5: Bodaboda na mwewe

Simama pembeni mwa barabara, mahali salama, upige bodaboda zinazopita kwa 1/1000. Picha zikikubali, hamia kwa mwewe wanaozunguka angani. Hapa wengi wanampoteza ndege kwa sababu wanamtafuta lenzi ikiwa imevutwa hadi mwisho. Mtafute kwenye 150 mm, mshike, ndipo uvute huku umebana fokasi. Anga jeupe litamfanya mwewe awe mweusi tii. Ongeza mwanga +1 kwa kitufe cha +/-. Usiielekeze lenzi kwenye jua.

Vumbi

Usibadilishe lenzi ndani ya gari wakati wa kiangazi. Funika kamera na kitenge gari likitembea. Na hili wengi hawalijui: pipa la lenzi lililorefuka lifute kwanza kabla ya kulirudisha ndani, la sivyo linaingia na vumbi lote lililokaa juu yake. Kioo cha mbele kipulize kwa kipulizio cha mpira, ndipo ufute. Ukianza na shati, unakisugua na mchanga.

Maswali ya wanakikundi

Swali, Moshi: Shikamoo mwalimu. Napiga Kibo kutoka mjini kwa 600 mm, kamera iko kwenye tripodi, bado haikai sawa. Lenzi mbovu?

Jibu: Marahaba. Kama gazeti limesomeka, lenzi haina kosa. Kati yako na Kibo kuna takribani kilomita 30 za hewa, na jua likishapanda hewa hiyo inatetemeka. Piga kunapopambazuka, kabla mawingu hayajafunika. Lenzi ikiwa ya zamani, zima stabilaiza ukiwa kwenye tripodi. Ishara ya hewa ya moto ni hii: piga picha kumi za mfululizo; kila moja itakuwa na ukungu wa namna yake na kingo zilizopinda. Mchana huko Manyara utaliona hilohilo, na dawa ni kumsogelea mnyama, basi.

Swali, Usa River: Mbega wa Hifadhi ya Arusha wananishinda. Weupe unaungua, weusi hauna kitu.

Jibu: Piga RAW (faili ghafi, si JPEG), punguza mwanga -0.7 ili manyoya meupe yabaki na alama zake, weusi utauinua baadaye. Msituni ni giza, kwa hiyo subiri mbega atulie, shusha hadi 1/250, stabilaiza ikiwa imewashwa. Kamera nyingine za zamani haziruhusu kupunguza mwanga kwenye M yenye ISO otomatiki. Hapo weka ISO mwenyewe.

Swali, Njiro: Ninunue filta ya UV ya bei rahisi kulinda kioo?

Jibu: Hapana. Kwenye lenzi ndefu kioo duni kinakuondolea ukali moja kwa moja. Kofia ya lenzi (ile ya kuzuia mwanga, hood, si kifuniko) inalinda vizuri na inazuia jua la pembeni.

Swali, Sakina: Na kiongeza urefu cha 1.4x?

Jibu: f/6.3 yako itakuwa kama f/9, yaani nusu ya mwanga imepotea. Kamera nyingi za kioo huacha kufokasi zenyewe zikipita f/8. Zisizo na kioo nyingi zitafokasi, ila polepole jioni. Kama ni safari yako ya kwanza na lenzi hii, kiache nyumbani.