Kupeleka ngalawa uliyoichonga mwenyewe Kizimkazi, na kupiga dago (kambi ya ufuoni) huko

Tamasha la Kizimkazi hufanyika Agosti, na Agosti ni kusi, upepo wa kusini. Kwa anayetoka Mjini Unguja na ngalawa yake, upepo unatoka huko huko anakokwenda. Ndiyo maana ngalawa nyingi hufika zimechoka, kamba zimelegea na vijana wamelowa hawajalala, halafu siku ya resi inaanza. Safari hii hupangwa kwa mwezi wa angani, si kwa tarehe ya tamasha. Tarehe inakwambia siku ya kushindana tu. Siku ya kutweka utaambiwa na bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, hata ikibidi ufike siku tano kabla.

Sababu yake ni hii. Kwetu, mwezi wa angani ukiwa wa siku ya 1 hadi ya 3, au ya 15 hadi ya 17, maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri, kisha huanza kutoka, na yanapwa kabisa kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana. Kusini mwa Unguja maji yanayotoka huelekea kusini, yaani yanakubeba. Wakati huo huo, alfajiri, upepo ni mwembamba: umande, upepo wa alfajiri utokao nchi kavu, haujafa na kusi haijaamka. Unapata saa tano au sita za maji ya kukusukuma na bahari iliyotulia. Ukiondoka siku ya 9 au ya 23 ya mwezi, wakati wa maji mafu yasiyojaa wala kupwa sana, mambo yanageuka: maji yanajaa asubuhi yote, unayapiga kifua, na yakija kugeuka kusi imeshasimama. Kumbuka pia kuwa maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa uliyoambiwa juzi si ya leo.

Kabla ya hayo, chombo chenyewe. Ngalawa mpya ya mwembe isiende mbali mpaka iwe imekwenda karibu mara nyingi, tena ikiwa na mzigo. Ipakie watu na madumu yale yale utakayosafiri nayo, itembeze ndani ya ghuba, irudi, iache juu ya mchanga hadi kesho yake uitazame. Ufa wa mwembe hujificha kwenye fundo la mti na karibu na omo (mbele ya chombo), mahali jua linapochoma ngalawa ikiwa imepandishwa. Ufa mwembamba kaza kwa kalafati ya pamba na sifa (mafuta ya papa). Ukiona ufa unaopita mahali ulipofungwa mtengo, ule mti unaokatiza mtumbwi na kushika mbao za pembeni, hapo usidanganyike na pamba: utapanuka kila wimbi linapoinua mtengo. Tia kiraka cha mbao ndani, ukaze kwa misumari ya mabati iliyokunjwa ncha, kisha uipime upya. Chini paka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, siku mbili kabla ya kuondoka. Ngalawa isiyo na deheni huota ukoga na kuliwa na wadudu wa baharini, na nzito haishindani.

Matengo ndiyo yanayoiweka ngalawa hai, na ndiyo yanayoshindwa kwanza. Miti miwili inayokatiza mtumbwi iwe ya mkoko ulionyooka usio na kovu la tawi katikati. Marengu, zile mbao mbili za pembeni, yakae hivi: ngalawa ikiwa tupu juu ya maji matulivu, yote mawili yaguse maji kidogo tu. Yakizama yote unaburuta breki mbili. Yakiwa juu mno, chombo hulala kabla rengu halijafanya kazi. Na ncha ya mbele ya kila rengu iinuke kuliko ya nyuma. Simama omo, inama hadi jicho liwe usawa wa maji, ulinganishe. Rengu lililoinamisha kichwa, hata kwa upana wa vidole viwili, upepo ukikaza linachimba, na chombo kinajizungusha juu yake. Hapo watu hulaumu usukani, kumbe kosa lilikuwa pwani.

Mafundo yote ya matengo yafungwe kwa kamba ya makumbi au ya pamba ngumu. Nailoni ni imara, lakini huteleza juu ya mti laini na hunyumbuka chini ya mzigo. Kama huna ila nailoni, funga, piga kabari ya mti kati ya kamba na boriti, kisha kagua kila unapotia nanga. Chukua pima kumi za kamba ya akiba kwa matengo peke yake. Kamba ya henza (ya kupandishia tanga) na ya demani (ya kuvutia na kulegezea tanga) ziwe na zao.

Tanga chukua mawili. Kubwa ni la resi, likae limekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki tangu unapotoka hadi asubuhi ya mashindano. Safari nenda na dogo. Wengi huona hili ni ubahili wa mwendo, lakini tanga la maradufu lililosafiri siku mbili kwenye bisho (kupinda huku na huku dhidi ya upepo) hunyooka upande wa nyuma, likawa na tumbo mahali pasipotakiwa, na siku ya resi halishiki upepo. Sindano ya tanga, uzi uliopakwa nta, na kipande cha maradufu cha dhiraa mbili viwe ndani ya chupa yenye kifuniko.

Watu wanne wanatosha: nahodha kwenye kana (mkono wa usukani), mmoja wa demani, mmoja wa kufua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, na mmoja wa kupanda juu ya mtengo upande wa joshi, unakotoka upepo, unapokaza. Demani isifungwe kamwe. Ishikwe mkononi, izungushwe mara moja tu kwenye mti, ili ikija dharuba iachiwe papo hapo. Ngalawa nyingi zinazopinduka kwenye kusi zilikuwa zimefungwa demani na mtu aliyetaka kuwasha sigara au kunywa chai.

Upande wa serikali usiruke kitu. Ngalawa iwe imesajiliwa, namba zisomeke ubavuni, na kila mtu awe na jaketi la kuokolea analolivaa, si la kulalia. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni ya kuamkia safari. Ukisikia tahadhari ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, safari hakuna. Mwachie mtu wa pwani majina yenu na saa mnayotarajia kufika, na namba ya KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo na cha uokozi baharini, iwe kwenye simu zaidi ya moja. Simu ifungwe ndani ya mifuko miwili ya nailoni.

Njia igawe siku mbili. Siku ya kwanza Mjini hadi Fumba, kiasi cha kilomita 20. Toka baada ya sala ya alfajiri, shika pwani ya Chukwani. Mnara wa Chumbe, uliojengwa 1904, utauona kuliani. Mwamba wa magharibi mwa kisiwa ni hifadhi, usitie nanga wala usitupe mshipi. Fumba lala mapema.

Siku ya pili ndiyo yenye kazi. Fumba hadi Kizimkazi ni kilomita 26 hivi kwa mstari ulionyooka, lakini ngalawa haikati upepo kama mashua yenye mkuku (uti wa chini) mrefu, kwa hiyo bisho linaweza kuzifanya 50. Uko ndani ya Hifadhi ya Ghuba ya Menai, na karibu na Kwale na Pungume kuna mafungu yanayotoka juu maji yakipwa. Bisho refu lipige nje, fupi lipige kuelekea nchi kavu. Ukifanya kinyume utajikuta saa nne asubuhi umekaa juu ya fungu ukisubiri maji. Kila unapogeuza, geuza kwa kupeleka omo chini ya upepo na kuizungusha foromali, mti unaobeba tanga, mbele ya mlingoti. Watu wote wakae chini wakati huo, maana foromali haichagui kichwa.

Usijitahidi kufika saa nne. Bamvua ikipwa, ufuo wote ni mwamba na mwani, na kuiburuta ngalawa juu ya matumbawe ni kuichana deheni yote uliyoipaka. Tia nanga nje, kula, subiri. Saa saba au saa nane mchana maji yamepanda nusu, ingia kwa makasia na upondo (mti wa kusukumia chombo) huku tanga limetuliwa.

Ukishafika, mtu wa kwanza kumtafuta ni bwana diko, msimamizi wa mahali vyombo vinapofikia, wa pili sheha, kiongozi wa serikali wa eneo. Nenda na barua ya sheha wa kwenu inayotaja chombo na watu. Wenyeji wana utaratibu wao wa wageni wa dago, na kamati ya wavuvi itakuonyesha mahali pa kukaa. "Asalaam aleikum, sheha wangu, sisi wageni wako kutoka Malindi ya Mjini, tumekuja resini, tunaomba mahali," inatosha. Uliza hapo hapo kisima kipi cha kuogea, choo kipi, na mashamba ya mwani yako wapi ili usipitishe ngalawa juu ya kamba za kina mama. Kijijini usipite na chupi ya kuogelea wala kifua wazi.

Ngalawa iache wapi? Hapa wengi hukosea, tena kosa lenye gharama. Ukiipandisha juu kabisa siku ya bamvua kubwa, maji ya siku zinazofuata yatafika chini zaidi kila siku, na resi ikifika chombo kiko juu ya mchanga mkavu, hatua ishirini kutoka kwenye maji. Iache katikati ya ufuo, ielee kila maji yanapojaa. Nanga moja iwe nje, nyingine pwani. Kwa vile maji hupanda na kushuka hadi karibu mita 4, kamba ya nje ipimwe kwa maji yaliyojaa, urefu mara tatu ya kina au zaidi. Kwenye matumbawe funga kamba nyembamba yenye boya kwenye kichwa cha nanga, uweze kuitoa kwa kuivuta kinyume.

Dago lenyewe lisiwe chini ya minazi, hata kama kivuli kinakuita. Kaa juu ya mstari wa majani ya bahari yaliyoachwa na maji makubwa, mgongo kwenye kichaka, kwa sababu kusi ya usiku ni baridi. Turubai tandaza juu ya foromali iliyolazwa kwenye makasia mawili yaliyopandana. Usitumie tanga la resi kuwa hema: umande unalilowesha na moshi unalila. Kwa watu wanne siku tatu, madumu matatu ya lita 20 ya maji ya kunywa na kupikia, mchele kilo 6, nazi 6, ng'onda (samaki wakavu), ndimu, tende kilo 2, sukari, chai, gunia dogo la mkaa, jiko, chandarua na blanketi kwa kila mtu. Mikoko usikate kuni.

Jioni ya kuamkia resi manahodha wote huitwa. Enda mwenyewe, usitume mtu. Uliza maboya ni mangapi, yanazungukwa kwa mkono gani, watu wangapi wanaruhusiwa. Asubuhi shusha jiko, madumu na nanga kubwa, mwache mmoja alinde. Kaza mafundo yote, tweka tanga kubwa. Kwenye boya la kwanza usiingie katikati ya kundi: zungukia mbali kidogo, kwa sababu rengu lako likiingia juu ya mtengo wa mwenzio nyote wawili mmekwisha, na kuzitenganisha ngalawa mbili zilizonasana kwenye upepo ni kazi ya nusu saa.

Kurudi ni kwa upepo wa nyuma, na huonekana rahisi. Rudisha tanga dogo, sogeza mizigo na watu tezi (nyuma ya chombo), maana ngalawa inayosukumwa na kusi huinamisha omo ndani ya wimbi la mbele na kuchota maji. Anayefua maji asiuweke chini upo, kata yake ya kuchotea, hadi mmeipita Fumba.