Ukitaka kurekodi ngoma za wazee kijijini

Jamani wa Newala na Tandahimba, kama mnataka kurekodi sindimba au midimu, zile ngoma za Wamakonde (midimu ni ya kuvaa vinyago), msikurupuke na simu tu. Kwanza piga hodi kwa mwenyekiti wa kijiji halafu kwa mzee mwenye ngoma, yeye ndo anajua kipi kinarekodiwa na kipi hakiguswi, mambo ya ndani ya jando na unyago achana nayo kabisa hata mtu wa pembeni akikwambia haina shida. Msimu wa korosho watu wako mashambani, nenda kabla, mwezi wa sita wa saba hivi.

Sasa sauti, hapa ndo wengi wanaharibu: ukisogea karibu na ngoma kubwa simu inakoroma tu, waimbaji husikii, rudi nyuma hatua kadhaa, upe upepo mgongo ili mwili ukinge maiki. Maneno ya wimbo waulize bibi zetu siku hiyohiyo, andika Kimakonde kwanza Kiswahili baadaye.

Hela ya wachezaji mpatane mapema, soda peke yake ni dharau bwana. Ukimaliza waachie kopi kwenye memori kadi.