Datsun 240Z ya mashindano: rimu pana na kila kinachofuata nyuma yake

Rimu pana zinaweza kubadilisha sura ya Datsun 240Z, gari la michezo la Nissan la miaka ya 1970, kwa nusu saa, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Wananunua rimu kwanza, kisha wanaanza kuzitafutia nafasi kwa grainda. Tairi linaloshika lami zaidi hupeleka nguvu zaidi kwenye beringi, kwenye ekseli, kwenye bati la bodi, hata kwenye oili iliyo ndani ya sampu, lile bakuli la chini ya injini. Vitu vyote hivyo kiwanda kilivipangia tairi la milimita 175 juu ya rimu ya inchi 14 yenye upana wa inchi 4.5. Kwa hiyo rimu ni miongoni mwa vitu vya mwisho kununuliwa.

Kabla ya chochote, soma kanuni za daraja unalotaka kushindania. Kanuni za aina hii huweka kikomo cha upana wa rimu, aina ya tairi, na kama unaruhusiwa kupanua fenda. Rimu ya inchi 8 ikikutoa kwenye daraja la magari ya kawaida na kukuingiza kwenye daraja la magari yaliyobadilishwa kabisa, utakutana na watu wenye injini usizoweza kuzifikia.

Kutu

Piga 240Z jeki, iweke juu ya stendi nne imara, chukua bisibisi na nyundo ndogo. Gonga chini ya betri, reli zinazopita chini ya sakafu, matao ya magurudumu ya nyuma, na zaidi ya yote mabano yanayoshika fimbo za mvutano, zile zinazozuia mikono ya chini ya mbele, inayoshika magurudumu, isirudi nyuma ukifunga breki. Bati zima hutoa mlio mkali, lililooza huitika kwa sauti nzito na bisibisi huzama. Reli iliyooza haipakwi puti. Inakatwa hadi kwenye chuma safi, kisha inachomelewa mpya. Kufunga matairi yenye mshiko mkubwa kwenye bodi iliyooza ni kuomba usukani ubadilike mkononi katikati ya kona, na hakuna springi itakayorekebisha hilo.

Hesabu ya nafasi

240Z ina bolti 4 kwenye duara la milimita 114.3, na bolti zenyewe ni M12, yaani za milimita 12, zenye hatua ya uzi ya milimita 1.25. Tundu la katikati ni karibu milimita 73, lakini pima habu yako (kitovu cha gurudumu) kwa venia, ile rula ya kupimia vipenyo, kabla ya kuagiza, kwa sababu gari la miaka hamsini huenda limeshapitia mikono mingi.

Upana unaoandikwa kwenye rimu ni wa ndani, pale tairi linapokaa. Ukingo kwa ukingo, rimu huwa pana kwa takriban inchi 1 zaidi. Rimu ya inchi 8 basi ina karibu milimita 229. Ofseti, yaani umbali kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso wake unaokaa kwenye habu, ikiwa sifuri, nusu yake, milimita 114, inaingia ndani kutoka uso wa habu, na nusu inatoka nje. Rimu ya inchi 7 yenye ofseti sifuri huingia milimita 102. Kila inchi moja ya upana unayoongeza bila kubadili ofseti inakula milimita 12.7 upande wa ndani na 12.7 upande wa nje. Ofseti ya milimita 10 chanya huingiza gurudumu zima ndani kwa milimita 10, na hasi hulitoa nje kwa kiasi hicho. Usisahau kwamba tairi nalo hutanuka: kila nusu inchi ya rimu huongeza karibu milimita 5 kwenye upana wa tairi lilelile.

Kipenyo pia kina hesabu yake. Tairi la zamani la 175 kwenye rimu ya inchi 14 lina kipenyo cha karibu milimita 635. Tairi la 205/60R15 (upana milimita 205, ubavu asilimia 60 ya upana huo, rimu ya inchi 15) lina 627, la 225/50R15 lina 606, na la 205/50R15 lina 586. Ukichagua 225/50R15, gari litashuka karibu milimita 15 kwa tairi peke yake, gia zitakuwa fupi kwa takriban asilimia 5, na spidomita itakudanganya kwa kiasi hichohicho. Kwa mashindano, gia kufupika kidogo ni faida.

Ushauri wetu ni huu. Gari likibaki na springi na viti vya springi vya kiwandani, ishia kwenye rimu ya inchi 15 kwa 7 (kipenyo kwa upana), ofseti sifuri, na tairi la 205. Upande wa ndani, kinachogusa kwanza ni kiti cha springi, kwa sababu ni kipana kuliko strati yenyewe, ile nguzo inayobeba springi na shokapu. Ukitaka rimu ya 15 kwa 8 na tairi la 225/50, badilisha springi ziwe nyembamba, zile zenye kipenyo cha ndani cha inchi 2.5, ili upate nafasi ndani. Baada ya hapo tazama nje. Rimu za inchi 9 na 10 zinahitaji fenda zilizopanuliwa bila mjadala.

Usiamini hesabu peke yake. Bodi hizi hazilingani kulia na kushoto, tofauti ya milimita 5 hadi 10 ni ya kawaida. Toa springi, acha strati, azima gurudumu moja la kipimo unachokitaka, lifunge, kisha linyanyue kwa jeki hadi mwisho wa safari yake. Zungusha usukani kutoka kona hadi kona gurudumu likiwa huko juu. Bandika vipande vya plastisini kwenye ukingo wa fenda, kwenye strati na ndani ya tao, halafu pima unene uliobaki baada ya kubanwa. Acha angalau milimita 6 kati ya tairi na strati, na milimita 10 kati ya tairi na bati. Chini ya hapo tairi litagusa, maana kwenye kona kali tairi hujipinda, bushi hubonyea na beringi huwa na mchezo wake mdogo.

Fenda

Fenda za mbele ni rahisi: zimefungwa kwa bolti na zina tabaka moja la bati. Nyuma ni jambo jingine. Pale kwenye ukingo wa tao, bati la nje na bati la ndani hukutana na kuunganishwa kwa nukta za kuchomelea. Anayekata ukingo huo kwa grainda na kufunika jeraha kwa bawa la faiba, yaani kipanuzi cha fenda, ametenganisha tabaka mbili zinazoipa nyuma ya gari nguvu, na amefungua mlango wa maji na matope.

Fanya hivi: chora mstari wa kukata kwa kufuata tairi lililonyanyuliwa, kisha kata bati la nje peke yake. Bati la ndani lipasue vipande vipande kila sentimita 2 au 3, uvikunje kuelekea nje hadi vikutane na bati la nje, uvigonge vilale sawa, kisha uchomelee kwa nukta fupi ukiruka kutoka upande mmoja hadi mwingine ili joto lisikunje bodi. Paka rangi ya kuzuia kutu, jaza sili kwenye kila mwanya, ndipo ufunge mabawa. Tumia bolti ndogo za M5 badala ya ribiti. Bawa litavunjika siku moja, na bolti zitakuokolea muda. Mtindo huu una asili yake: mwaka 1971 Nissan iliuza Japani 240ZG iliyokuwa na mabawa ya fenda kutoka kiwandani.

Miguu ya gari

Springi za kiwandani ni laini mno kwa tairi pana: gari linalala, tairi linaegemea ukingo wa nje, na upana uliolipia haufanyi kazi. Kwa matairi ya barabarani yenye mshiko mkubwa, anza na springi za pauni 250 kwa inchi mbele na 275 nyuma, pamoja na shokapu zinazoweza kurekebishwa. Strati zikikatwa ili kushusha gari, fupisha mirija na uweke shokapu fupi zinazolingana. Shokapu ndefu kwenye gari lililoshushwa hugonga mwisho wa safari katikati ya kona, na hapo gurudumu linaruka.

Usishushe gari hadi mikono ya chini ya mbele ipande kuelekea nje. Ikifika hapo, gari hulala zaidi hata kama springi ni ngumu, na magurudumu hujigeuza yenyewe kila yanapopita tuta. Suluhisho la kawaida kwa gari hili ni spesa za milimita 19 hadi 25 kati ya strati na mkono wa usukani. Zinashusha ncha ya mkono na kurudisha pembe mahali pake. Spesa hizo huhitaji bolti ndefu na rimu ya inchi 15 au zaidi, vinginevyo ncha ya mkono inaweza kugusa rimu.

Fimbo za mvutano ni mtego. Wengi huweka bushi ngumu za polyurethane pande zote mbili za bano. Fimbo inahitaji kuinama mkono wa chini unapopanda na kushuka, na ikibanwa kila upande hupata uchovu na kukatika, kwa kawaida wakati wa kufunga breki. Acha bushi ya raba upande mmoja, au funga kiungo cha duara kinachozunguka.

Kiwanda hakikuweka marekebisho ya kemba, yaani ule mwinamo wa gurudumu. Mbele funga bamba za juu za strati zinazosogea, na nyuma mikono ya chini inayorefushwa. Vipimo vya kuanzia: mbele kemba ya digrii 2.5 hasi, kasta (mwinamo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma) digrii 5 hadi 6, magurudumu yakitazama mbele sawasawa au yakifunguka kwa milimita 1. Nyuma kemba ya digrii 2 hasi, yakifunga ndani milimita 1 hadi 2.

Vinavyovunjika

Hapa usibanie pesa. Ekseli fupi za nyuma za 240Z zina meno 25, na zikipewa tairi pana lenye mshiko huweza kukatika, gurudumu likaondoka na gari likaendelea bila hilo. Ekseli za 280Z, gari la baadaye la familia hiyohiyo, zina meno 27 na ni imara zaidi. Nunua na flanji zake, na kabla ya kuzifunga zipime ufa kwa rangi ya kupenya. Wakati umefungua, weka beringi mpya zote nne.

Kalipa za breki za mbele hubadilishwa mara nyingi kwa zile za pistoni 4 za Toyota Hilux ya kizazi cha mwanzo wa miaka ya 1980, ambazo hukubali diski ya kawaida baada ya kupunguza kidogo bati la kukinga vumbi. Zikitumia oili ya breki nyingi kuliko za zamani, pedali hushuka, hivyo wengi huhamia masta silinda (pampu kuu ya breki) ya inchi 15/16 badala ya 7/8. Weka hozi mpya, pedi za mashindano, na oili safi ya DOT 4. Kiwango hicho kinataka oili mpya ichemke kuanzia nyuzi 230, lakini ikishavuta unyevu kikomo chake ni 155 tu, kwa hiyo ibadilishe mwanzoni mwa kila msimu na kabla ya mbio kali.

Injini ya gari hili, L24, nayo inaathirika. Kona ndefu yenye mshiko husukuma oili upande mmoja wa sampu, bomba la pampu linafyonza hewa, na beringi za krenki hufa kwa sekunde chache. Weka vizuizi ndani ya sampu na ongeza nusu lita juu ya kipimo. Taa ya oili ikiwaka kwenye kona, ondoa mguu papo hapo.

Siku ya kufunga

Nati lazima iwe na umbo la kiti linalolingana na rimu, koni kwa koni, bapa kwa bapa. Ikae kwenye uzi kwa urefu usiopungua kipenyo cha bolti, yaani milimita 12, karibu mizunguko 10. Ukiweka spesa, weka bolti ndefu. Kaza kwa msalaba hadi Nm 85 kwa toki renchi, halafu kaza tena baada ya mizunguko michache ya kwanza uwanjani, rimu zikiwa zimepoa, kwa sababu rimu mpya za alumini hujikalisha.

Anza na upepo wa psi 26 tairi likiwa baridi, ukilenga 30 hadi 34 likishapata moto. Ukitoka uwanjani, pima joto la tairi ndani, katikati na nje. Katikati pakiwa moto kuliko kingo, upepo umezidi. Ndani pakizidi nje kwa nyuzi 5 hadi 8, kemba inafanya kazi. Pakizidi 15, punguza kemba. Kisha lala chini na tochi utazame matao: alama inayong'aa kwenye bati au kwenye strati ni mahali tairi lilipogusa, na gari halirudi uwanjani mpaka uijue sababu yake.