Jinsi ya kulinganisha picha, michoro, vitabu na filamu za kambi walizofungiwa Wajapani wa Marekani

Mpwa wangu yuko fomu four Wete, juzi usiku kanipigia, mjomba tumepewa kazi skuli tulinganishe vile filamu na picha na vitabu vinavyoonesha Wajapani wa Marekani walivyofungwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mie hata sijui nianzie wapi. Tukakaa kwenye simu karibu saa nzima. Naandika hapa tuliyozungumza maana najua na wengine watapewa kazi kama hii, na jambo lenyewe kila nikilisoma linaniuma.

Kwanza pata kisa chenyewe, usianze na filamu. Japani ilishambulia Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani huko Hawaii, tarehe 7 Disemba 1941, tarehe 19 Februari 1942 Rais Roosevelt akasaini amri nambari 9066, na kwa amri hiyo watu zaidi ya 120,000 wenye asili ya Kijapani wakatolewa majumbani mwao huko pwani ya magharibi wakatiwa kambini bila ya kesi. Kambi kubwa zilikuwa 10. Thuluthi mbili ya watu wale ni raia waliozaliwa hapohapo Marekani, na kila mtu aliruhusiwa kuchukua kile anachoweza kukibeba mwenyewe basi, duka, shamba, gari, vyombo, vyote vikabaki nyuma au vikauzwa kwa bei ya kutupa.

Sasa kosa ambalo wengi wanalifanya ni kulinganisha kila kitu kwa pamoja, filamu nzima na kitabu kizima, mwisho unaandika "filamu inasisimua zaidi", na hapo hujasema kitu. Chagua kitu kimoja kidogo ukifuate kila mahali. Mpwa wangu nilimwambia afuate choo. Akashangaa, lakini tizama. Kwenye kambi vyoo vilikuwa vya pamoja, vimepangwa mstari bila hata kizuizi baina ya mtu na mtu. Sisi tuliolelewa na neno sitara tunaelewa hapo mama wa watu kavunjiwa nini. Basi kwenye picha za kamera jambo hili hulioni kirahisi, nani atapiga picha mle ndani. Lakini Miné Okubo, msanii aliyefungwa mwenyewe, alichora, na kitabu chake Citizen 13660 kilitoka 1946, jina linatokana na nambari waliyopewa familia yake. Kamera wafungwa walikatazwa, kalamu haikukatazwa, kwa hiyo kalamu yake ikaingia pale ambapo kamera haifiki, na humo utawaona wanawake wanatundika mapazia na kuweka mbao wajistiri. Kisha nenda kwa Jeanne Wakatsuki Houston, Farewell to Manzanar, 1973, aliingia kambini akiwa mtoto, yeye anakusimulia boksi tupu la sabuni ambalo wanawake walikuwa wakiazimana, unalizungushia ukiwa chooni ili usionekane. Mchoro unakuonesha pazia lilivyokaa. Maneno yanakupa mama anayelipokea lile boksi kutoka kwa mwenzake, ile aibu na ile shukrani kwa pamoja, na hilo mchoro mmoja hauwezi kulibeba.

La pili, uliza nani kashika kamera na nani kamruhusu. Hapa Manzanar peke yake inakutosha, maana kambi ni ileile moja, jangwa lilelile la California, wapigapicha watatu. Dorothea Lange aliajiriwa na serikali 1942 na akapiga bendera ya Marekani inapepea juu ya mabanda huku vumbi limetanda, jeshi likazizuia picha zake nyingi wakati wote wa vita. Ansel Adams akaja 1943, yeye alitaka Wamarekani wenzake wawaone hawa ni binadamu na raia, kwa hiyo utaona nyuso kwa karibu sana, watu wanatabasamu, milima mizuri nyuma, na mtu asiyejua anaweza kudhani ni watu wapo matembezini. Nia yake nnaamini ilikuwa njema, lakini seng'enge imepungua mno kwenye picha zile na mie hilo siwezi kulipita kimya. Wa tatu ni Toyo Miyatake, alikuwa na studio Los Angeles kabla hajafungwa, akaingiza lenzi kwa siri na kamera yenyewe ikatengenezwa kwa mbao. Watoto watatu wamesimama nyuma ya seng'enge ile ni picha yake. Ziweke picha za watu hawa watatu pamoja kwenye skrini halafu andika yapi yapo kwa mmoja na hayapo kwa mwenziwe, kazi nusu imekwisha.

Filamu ya serikali ya 1942, Japanese Relocation, itizame mara mbili, mara ya kwanza zima sauti kabisa. Utaona mabasi, mizigo, askari. Mara ya pili washa sauti umsikilize Milton Eisenhower, mkuu wa idara ya serikali iliyosimamia kambi hizi, anavyoeleza kwa upole kwamba watu wanahamishwa. Hili neno kuhamishwa liandikie aya yake, maana kwetu mwalimu huhamishwa skuli Chake akapelekwa Mkoani, hatiwi ndani ya seng'enge.

Mwaka andika pembeni ya kila kazi, usisahau. Serikali iliomba msamaha 1988 na kuwalipa waliokuwa bado hai dola 20,000 kila mmoja, sasa kitabu cha kabla ya hapo na cha baada havizungumzi kwa sauti moja. George Takei, mwigizaji aliyefungwa akiwa mtoto, kwa mfano kitabu chake cha katuni kimetoka 2019, kisa anakipa macho ya mtoto wa miaka 5 aliyeambiwa na babake wanakwenda likizo, na mzee wa miaka 80 na kitu anayejua ukweli wote yumo humohumo.

Kuhusu bando, anza na picha, ni nyepesi, na za Adams ziko bure kwenye maktaba ya Bunge la Marekani. Filamu subiri upate waifai.

Ukiandika sasa usifanye aya ya filamu, aya ya picha, aya ya kitabu. Fanya aya ya choo, aya ya seng'enge, aya ya vumbi, na ndani ya kila aya waite wote waje wazungumze. Mpwa wangu jana kanitumia ya kwanza, kaanza na lile boksi la sabuni, nikamwambia sasa ongeza mstari mmoja useme kwa nini kwenye filamu ya serikali boksi halimo.